Amana na Dhamana

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo kila mtumishi wa benki huyatamka mara nyingi kwa siku bila ya kuyatafakari. La kwanza ni amana, na la pili ni dhamana. Kwa maana ya kibenki, amana ni fedha ambazo mtu huziweka benki zipate kutunzwa. Dhamana ni kitu anachokiweka mkopaji ili, asipolipa, kipate kuuzwa. Lakini kabla ya benki ya kwanza kufungua milango yake katika nchi hii, maneno haya yalikuwa na maana pana zaidi, na maana hiyo haijafa. Amana ni chochote anachokukabidhi mwenzako akiamini kwamba utamrudishia kama kilivyo: mkoba wa msafiri, mtoto wa ndugu, hata siri. Neno hili ni la ukoo mmoja na imani na uaminifu. Dhamana nayo si kitu tu, bali ni wajibu pia. Twasema kwamba kiongozi amepewa dhamana na umma, wala hatuna maana kwamba amepewa nyumba au shamba. Basi kuna kuweka dhamana, na kuna kubeba dhamana, na haya ni mambo mawili mbalimbali.

Nilifanya kazi ya benki kwa muda wa miaka ishirini na saba, tangu nilipohitimu masomo ya biashara mwaka 1994 hadi nilipostaafu. Katika muda huo sikuiba, sikupokea rushwa, wala sikupata kuvunja kanuni iliyoandikwa. Hata hivyo, sasa ninapotazama nyuma, liko swali linalonikosesha utulivu, na ndilo ninalotaka kulizungumza hapa: je, mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine huwa ametimiza wajibu wake akiisha kufuata kanuni? Swali hili si la watu wa benki peke yao. Lamhusu hakimu, mganga, karani wa kijiji na mwalimu. Lakini nitaanzia mahali ninapopajua.

Chuoni tulifundishwa kusoma mizania. Mwanafunzi wa kwanza kabisa wa biashara hujua kwamba katika mizania ya benki mikopo iliyotolewa huandikwa upande wa mali, na amana za wateja huandikwa upande wa madeni. Nilijibu swali hilo katika mtihani nikapata alama nzuri, nami sikujiuliza maana yake. Kumbe maana yake ni nzito. Benki ambayo twaizoea kuiona kama mdai wa watu, kwa kweli ndiyo mdaiwa wa kwanza. Kabla haijamkopesha mtu senti moja, imekwisha kukopa kwa maelfu ya watu wadogo: mkulima aliyeuza pamba yake, mwalimu aliyepokea mshahara, mama aliyeuza vitumbua. Hao wote wameikopesha benki, na wengi wao hawakuomba rehani yoyote.

Swali la nani aaminiwe na nani asiaminiwe limekuwa swali la taifa letu tangu zamani. Katika Tanganyika ya utawala wa Waingereza biashara ya benki ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni, na kulikuwa na sheria iliyosema kwamba deni alilokopeshwa Mwafrika na mtu asiye Mwafrika haliwezi kudaiwa mahakamani ila kama mkopo huo ulipata idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Waliotunga sheria hiyo walisema nia yao ni kumlinda mwenyeji asizame katika madeni. Huenda wako waliosema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini yafaa tuone jambo lililotokea: mtu asiyeweza kudaiwa hakopeshwi, na asiyekopeshwa hafungui duka, wala hanunui gari la kubebea mazao. Mlango ulifungwa kwa jina la huruma.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na kesho yake serikali ikazitwaa benki. Ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, na matawi yakasambaa hadi wilayani, mahali ambapo zamani mtu aliyetaka kuweka akiba yake aliichimbia chini ya kitanda. Nia ilikuwa njema na iliyo wazi, kwamba amana za wananchi ziwatumikie wananchi. Lakini miaka ilivyopita, mikopo mingi ilikwenda kwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika ambavyo havikuweza kulipa, tena ilitolewa kwa amri kuliko kwa hesabu. Ilipofika mwaka 1991 ilipitishwa sheria ya kuruhusu benki za binafsi, na mwaka huohuo kikaundwa chombo maalumu cha kukusanya madeni hayo yaliyokwama. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, na mwaka 2000 sehemu yake kubwa ya biashara ikauzwa kwa benki ya Afrika ya Kusini.

Sisemi haya ili kuukejeli wakati mmoja na kuusifu mwingine. Nasema kwamba katika nyakati zote mbili dhamana ilivunjwa, ila kwa njia mbili zinazopingana. Mkoloni aliwanyima wengi bila ya kuwajua. Sisi wenyewe tuliwapa wachache bila ya kuwauliza. Aliyenyima na aliyetoa walilingana katika jambo moja, nalo ni kwamba hakuna aliyefanya kazi ya kumtazama mtu aliyesimama mbele yake.

Mimi ni wa kizazi kilichoajiriwa baada ya hasara hiyo. Tuliambiwa kila siku: msirudie makosa ya jana, bila karatasi, hakuna mkopo. Nasi tukaamini, na kwa kiasi kikubwa tulikuwa na haki ya kuamini. Ndipo yakanifika mambo mawili nitakayoyasimulia.

Mwaka 2003 nilikuwa afisa mikopo katika mji mdogo wa nyanda za kati, mahali alizeti inapostawi. Kila siku ya gulio alikuja mama mmoja kuweka fedha. Alikuwa akinunua alizeti kwa wakulima, akaipeleka kukamuliwa katika mashine ya mtu mwingine, kisha akauza mafuta kwa chupa. Mwenye mashine alimtoza ujira, na juu ya ujira akabaki na mashudu, ambayo wafugaji huyanunua kwa chakula cha mifugo. Siku moja aliingia ofisini kwangu kuomba mkopo wa kununua mashine ndogo iliyo yake mwenyewe. Alinieleza kwa kinywa magunia anayokamua kwa msimu, mafuta yatokayo katika kila gunia, na hasara anayoipata kwa kuyaacha mashudu. Nilizipitia hesabu zake kwa kikokotozi, nikakuta hakukosea hata mara moja.

Lakini nyumba yake ilikuwa katika kiwanja kisichopimwa, na shamba lilikuwa la ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwa imefungua njia ya watu kupata hati za kimila, ila hati hizo zilikuwa hazijafika kijijini kwake. Nikamwambia, "Mama, bila dhamana siwezi. Ni kanuni."

Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nimewaletea fedha zangu miaka tisa. Siku ile ya kwanza nilipokuja, nani kati yenu aliniwekea mimi dhamana?"

Nilitabasamu, kama anavyotabasamu msomi anapoulizwa swali na mtu asiyesoma. Nikamweleza habari za sheria za benki, usimamizi wa Benki Kuu, na bima ya amana. Yote niliyomweleza yalikuwa kweli. Akasikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akaenda zake. Gulio lililofuata alirudi, akasimama dirishani kwa karani, akaweka fedha zake kama desturi. Aliendelea kutuamini sisi tuliokataa kumwamini.

Mwaka uliofuata alikuja mfanyabiashara wa nafaka. Alikuwa na hati ya nyumba, hesabu zilizokaguliwa, na barua za wadhamini wawili. Nilikwenda kulikagua ghala lake. Magunia ya mbele yalikuwa ya mahindi. Ya nyuma sikuyafikia, na mwenyeji wangu hakupenda niyafikie, akaniharakisha kwenda kunywa chai. Nilirudi ofisini nikiwa na shaka. Shaka hiyo sikuiandika, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuandika shaka. Karatasi zote zilikuwa zimekamilika, nikatia sahihi. Baada ya miezi kumi na minne biashara ile ilikuwa imekufa. Nyumba ikapigwa mnada, na bei yake haikufikia hata nusu ya deni.

Wakaja wakaguzi kutoka makao makuu. Wakalifungua jalada, wakapitia ukurasa baada ya ukurasa, wakaona kila kitu kipo. Jalada lilinitetea kuliko wakili yeyote. Sikupewa hata onyo. Na juu ya yule mama hakuna aliyeniuliza neno, wala hapakuwa na jalada la kufungua, kwa kuwa ombi lililokataliwa mezani halikuwa likiandikwa popote.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro iliyofichika katika kazi yangu. Kosa la kutoa huandikwa. Lina tarehe, lina kiasi, lina sahihi ya aliyekosea, na mwisho wa mwaka husomwa mbele ya wakubwa. Lakini kosa la kunyima halina daftari. Mashine isiyonunuliwa haionekani. Vijana ambao wangeajiriwa kuiendesha hawajui kwamba wamekosa kazi. Na afisa aliyekataa hulala usingizi mnono. Hata hakuna awezaye kuthibitisha kwamba yule mama angelipa, kwa maana kule kunyima kwenyewe kumeua ushahidi. Basi mtu mwenye hofu, akiwa katika kazi ambayo kosa moja huandikwa na jingine haliandikwi, atajifunza upesi kukosea upande usioandikwa. Na watu watamwita mwangalifu.

Najua wapo watakaonijibu, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema: fedha zile hazikuwa zako. Huruma unayoifanya kwa mali ya mwenzio si huruma. Ni wizi uliovaa nguo safi. Hoja hii naikubali tangu mwanzo hadi mwisho. Afisa akimkopesha mtu kwa kumwonea huruma, naye mtu huyo asilipe, mzigo humwangukia mweka akiba ambaye hakuulizwa. Lakini tuifuate hoja hii mpaka inapotufikisha. Fedha zile zilikuwa za nani? Kwa sehemu zilikuwa za mama yule yule. Akiba yake ya miaka tisa ilikuwa imechanganywa na akiba za wenzake, kisha ikatoka kwa mlango mwingine kwenda kwa mwenye ghala. Ni kweli kwamba benki haikumpotezea senti yake, angeidai angelipwa. Hata hivyo alikuwa amemkopesha tajiri bila ya kujua, na alipokuja kukopa mwenyewe aliambiwa kwamba hana kitu. Basi hoja ya kwamba fedha si zangu hainiruhusu kunyima ovyo, kama isivyoniruhusu kutoa ovyo. Yanitaka niwe na jicho kali zaidi pande zote mbili.

Wengine watasema kwamba kanuni ndiyo kinga ya mnyonge. Ukiiondoa, afisa atamkopesha shemeji yake na mtu wa kabila lake, na mama muuza mafuta hatafika hata mlangoni. Hili nalo ni kweli, na yeyote aliyeishi katika nchi hii analijua. Kanuni ni kama ukingo wa daraja, humzuia mtu asianguke. Lakini ukingo haumvushi mtu mto. Sharti atembee kwa miguu yake. Kosa langu halikuwa kuifuata kanuni. Kosa langu lilikuwa kuifanya kanuni ifikiri kwa niaba yangu. Kwa mama yule nilikuwa na ujuzi wa miaka tisa uliokuwa katika madaftari yetu wenyewe, nami sikuutumia. Ningaliweza kumwandikia meneja maelezo, kuomba mkopo mdogo zaidi kwa rehani ya mashine yenyewe, au kumshauri aje na wenzake wadhaminiane. Kanuni haikunikataza hata moja kati ya hayo. Na kwa mfanyabiashara nilikuwa na shaka ya macho yangu mwenyewe, nikaificha nyuma ya karatasi. Mara zote mbili nilijua zaidi ya fomu, na mara zote mbili nilijifanya najua yale yaliyomo katika fomu tu.

Asidhani msomaji kwamba dawa ni kutoa kwa wepesi. Siku hizi mijini na vijijini kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mtu hupewa fedha kwa dakika chache, haulizwi kazi yake wala nia yake, ila huacha kadi yake ya benki au friji yake, na riba huhesabiwa kwa wiki. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ili biashara hiyo iwe na leseni na mipaka, lakini jina lile lingali midomoni mwa watu. Iko pia mikopo ya simu, ambayo mashine huihesabu kwa kutazama jinsi mtu anavyotumia simu yake. Mashine haina upendeleo wa ukoo wala haidai chai, na huo ni wema wake. Lakini pia haina shaka wala haya. Anayekopesha bila ya kumjua mtu, na anayenyima bila ya kumjua mtu, ni ndugu wawili wa tumbo moja. Wote wamekwepa kazi ya kujua.

Wazee wetu hawakuwa na benki, lakini walikuwa na upatu. Wanawake kumi huchanga kila wiki, na kila wiki mmoja hupokea mchango wote. Aliyepokea wa kwanza kwa kweli amekopeshwa na tisa waliobaki, tena bila ya rehani. Kinachomzuia asitoroke ni kwamba anajulikana, na kesho atahitaji wa kumzika. Tusiusifu upatu kupita kiasi. Huvunjika, na wapo waliopokea zamu yao wakahama mji. Wala upatu hauwezi kujenga kiwanda cha nguo. Lakini watufundisha jambo ambalo chuoni nililisoma kwa haraka, kwamba mkopo hauanzi kwa mali ya mkopaji, bali kwa maarifa ya mkopeshaji juu yake. Hati ya nyumba ni njia mojawapo ya kujua, tena njia nzuri; si mahali pa kujua.

Mama yule na wenzake wanne walipata mashine yao baada ya misimu mitatu, kwa fedha za upatu. Sitaji jambo hili ili kuthibitisha kwamba angelipa mkopo wetu, kwa maana upatu ni upatu na benki ni benki. Lathibitisha tu kwamba palikuwa na jambo la kujua, nami sikutaka kulijua.

Tangu hapo, hadi nilipostaafu, niliweka daftari langu mwenyewe mezani. Ndani yake niliandika kila niliyemnyima: jina, ombi lake, na sababu yangu kwa maneno yangu mimi, si kwa maneno ya fomu. Kila mwisho wa mwaka nililipitia nikaulizia habari za watu wale. Halikunipa hesabu ya kujivunia. Wengine waliendelea vizuri bila ya benki, wengine walianguka nikashukuru kwamba nilikataa. Lakini niliona badiliko moja ndani yangu: mara nyingi kalamu ilisimama kabla ya kuandika sababu, kwa kuwa sababu ilipoandikwa ilionekana aibu. Hapo niliinuka nikamwita mtu arudi.

Ninyi mlio walimu mna daftari la mahudhurio na daftari la alama. Humo huandikwa aliyefaulu na aliyeshindwa, nanyi huulizwa juu yake. Lakini yuko mtoto wa dawati la nyuma ambaye siku moja aliuliza swali akaambiwa anyamaze, akanyamaza mpaka akamaliza shule. Huyo hakuandikwa popote. Na ninyi wanafunzi, ambao kesho mtakaa nyuma ya meza na wananchi watasimama mbele yenu na karatasi zao mkononi, kanuni mtakazozikuta zishikeni kwa nguvu, maana wengi waliumia kabla hazijapatikana. Lakini mjue kwamba mlango wa ofisi hiyo, kiti hicho na mhuri huo ni amana ya watu ambao hawakuwataka rehani. Wao wamekwisha kuwaamini. Linalobaki ni kama ninyi mtaibeba dhamana hiyo, au mtaidai tu kwa wengine.